Siku Kitabu Changu Kilipoposwa

Hasira yangu haijaisha, na sitaki iishe. Marafiki wananiambia hayo yamepita, andika kingine. Kuandika nitaandika. Lakini kwanza nataka kueleza jinsi kampuni iliyonifundisha kuandika hadithi za mapenzi ilivyofika hadi kwa mama yangu kijijini Kuresoi, ikakalia kiti chake, ikanywa maziwa yake, kisha ikamtaka ng'ombe.

Kazi yangu ya mchana ni kukodisha magauni ya harusi. Nina duka dogo mjini Nakuru, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la dawa za mifugo, kwa hiyo mabibi harusi wangu hupanda ngazi wakinusa dawa ya kupe. Bibi harusi huja na mama yake na shangazi zake, wote wanaongea kwa pamoja, na mimi napiga magoti natia pini kwenye pindo. Mtu akikaa miaka mingi kati ya watu wanaojiandaa kuolewa, atasikia mengi. Nimewaona wanaolia wakijaribu shela. Nimewapokea wanaorudisha gauni halijavaliwa, limekunjwa vizuri kuliko nilivyolitoa, na hawataki kuulizwa kitu. Hao ndio walionifanya nianze kuandika.

Wakati huo kulikuwa na wachapishaji Nairobi waliokuwa wakitoa vitabu vyembamba vya mapenzi. Bila shaka umewahi kuviona vya aina hiyo: mwanamume na mwanamke jaladani, karatasi inayogeuka manjano mapema, vinauzwa kwenye vibanda vya magazeti na kuazimwa mpaka vinakatika mgongo. Wasomi walividharau. Mimi sikuvidharau, na wahariri wa kampuni ile hawakuvidharau hata kidogo. Walikuwa na masharti makali kama ya shule ya bweni. Wapenzi wakutane mapema. Mwanamume awe na kazi, na aonekane akiifanya. Asife mtu kwa sababu tu mwandishi amekwama.

Mhariri wangu alikuwa mwanamke aliyenizidi umri kidogo, mkali, asiyejua kubembeleza. Mswada wangu wa kwanza aliurudisha. Nikaurekebisha, nikautuma tena, akaurudisha tena, na pembeni ameandika kwa kalamu nyekundu: "Huyu bwana anapenda mchana kutwa. Anakula nini?" Nilimtukana peke yangu dukani nikiwa na pini mdomoni. Kisha nikampa yule bwana kazi ya kuchomelea vyuma, na hadithi ikaanza kupumua. Kitabu kikatoka. Baadaye kikatoka cha pili. Hawakuniomba hata senti. Wao ndio walionilipa, kidogo sana, lakini walinilipa, na mama akaviweka vitabu vyote viwili kwenye kabati la vyombo, karibu na vikombe vya wageni, ingawa yeye mwenyewe hasomi Kiswahili kwa raha.

Kitabu cha tatu ndicho kilichonitoa jasho. Kilimhusu mpishi wa hoteli ya Salgaa anayependwa na dereva wa lori, na jinsi anavyokataa kuwa mahali pa kupumzikia tu kati ya safari moja na nyingine. Nilienda Salgaa mara nyingi kwa ajili yake. Nilikuwa naketi kwenye hoteli fulani, naagiza chai na chapati, natazama malori yakijipanga kando ya barabara na madereva wakigonga magurudumu kusikiliza kama upepo unatosha. Mwenye hoteli aliniona mara ya kwanza, akaniona ya pili, akaamua kwamba namvizia mume wangu. Akaniletea chai nyingine bila kuombwa. "Mathe," akaninong'oneza, "huyo mtu wako akipita hapa, mimi nitakupigia simu. Wewe enda nyumbani upumzike." Nilicheka, lakini huruma yake niliiingiza kitabuni nzima nzima.

Nilipomaliza nilituma mswada Nairobi, nikaanza kungojea. Niliiogopa ile kalamu nyekundu na nilikuwa na hamu nayo. Kitabu hiki nilikiandika peke yangu, bila mtu wa kuniambia hapa umeteleza, na kuna kurasa nilizoziona nzuri sana asubuhi na takataka jioni. Nilihitaji mtu anayejua kazi anipe jibu la kweli.

Badala yake nilipigiwa simu. Ilikuwa sauti ya kijana nisiyemjua, mchangamfu ajabu.

"Hongera mwandishi! Kitabu chako kimepita!"

Nilikuwa na bibi harusi mbele yangu, gauni limefungwa nusu. Nilipiga kelele hadi muuza dawa wa chini akapanda ngazi kuuliza kuna nini. Kijana alisubiri nitulie.

"Sasa madam, siku hizi process yetu iko tofauti kidogo. Tunapenda kukaa chini na familia ya mwandishi, tuongee mambo ya partnership. Wazazi wako wapi?"

Nikamwambia baba alikwisha kufariki, mama yuko Kuresoi.

"Poa sana. Tutakuja huko huko. Sisi tunafika ground."

Hapo ndipo tulipopotea njia, mimi na ukoo wangu wote, na naomba msomaji asitucheke upesi. Kwetu, watu wakituma ujumbe kwamba wamependa kitu kilicho nyumbani mwako, na kwamba wanaomba kuja kuzungumza na wazazi, jambo hilo lina jina. Ni koito. Ni kikao cha posa. Upande wa mvulana unakuja umevaa vizuri, unasimama langoni mpaka ukaribishwe, unasema haja yake, na wazee wanauliza mmetoka wapi na mmekuja na nini. Nilipompigia mama na kumweleza maneno ya yule kijana, aliniambia kwa lugha yetu, "Wanataka kuja kwa wazazi? Basi hao ni watu wa heshima." Nilisikia akiburuta viti hata kabla sijakata simu.

Sikumsahihisha, kwa sababu mimi mwenyewe niliamini hivyo hivyo. Nilidhani ni mtindo mpya wa kujitangaza: mkataba utiwe sahihi mbele ya familia, picha zipigwe, watu waone kwamba mwandishi ana kwao. Mama akatangaza kanisani, na mchungaji akashukuru kwa maombi marefu. Akina mama wa kikundi chake wakaleta viazi na kabichi, mmoja akaleta kuku. Baba mdogo, ndugu wa marehemu baba, ambaye ameongoza posa za karibu kila msichana wa ukoo wetu, akapiga pasi koti lake na kuanza kufanya mazoezi ya kukohoa kabla ya kusema. Mursik, maziwa yetu ya kugandisha kibuyuni, yaliandaliwa mapema ili yaive vizuri.

Walikuja Jumamosi. Alikuwa yule kijana wa simu, viatu vyeupe, pamoja na msichana wa kupiga picha. Gari lao lilikwama kwenye matope kabla ya lango na majirani wakalisukuma, na viatu havikuwa vyeupe tena. Baba mdogo akawasimamisha pale pale langoni, kama inavyotakiwa.

"Mmetoka wapi?" akauliza.

"Nairobi, mzee. Lakini ofisi ya region iko hapa Nakuru."

"Na mmekuja kutafuta nini?"

Kijana akatabasamu hadi meno ya nyuma. "Tumekuja kwa sababu ya kitabu, mzee. Tumekipenda sana sana."

Vigelegele vikapaa. Wakaingizwa ndani, wakapewa viti vyenye vitambaa, wakakunywa mursik, wakala kuku na viazi, wakaongezewa. Msichana akapiga picha vitabu vyangu viwili kabatini. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma pamoja na wanawake, kwa sababu kwenye koito anayeposwa hasemi kitu. Sikuona ubaya. Nilijiona kama bibi harusi kweli, mimi ninayewavalisha wengine, na niliona haya usoni kama mtoto. Hilo ndilo linalonichoma zaidi nikikumbuka, kwamba niliona haya.

Baada ya chakula, baba mdogo akakohoa kikohozi chake. "Sasa mmeona nyumba. Mmeona mama. Kazi ya mtoto wetu haikuanguka kutoka mbinguni, na haitatoka hivi hivi. Mmekuja na nini?"

Kijana akafungua tableti yake, macho yanang'aa. "Hapo umeuliza swali poa, mzee. Sisi tuko na pakeji tatu. Kuna Ua, kuna Busu, na kuna Pete. Ua ni ya kuanza. Busu unapata na matangazo. Lakini mwandishi wa level ya huyu madam, mimi nikiangalia naona Pete. Kava ya dhahabu, launch na tenti, tunaita mpaka redio. Mwandishi anachangia, sisi tunachapisha. Ndiyo maana tunaongeanga na familia, juu mtu peke yake hawezi. Mnaweza fanya hata ka-harambee."

Baba mdogo alimtazama kijana, akatazama tableti, akamtazama kijana tena.

"Ngoja kidogo," akasema. "Nyinyi ndio mmekipenda kitabu?"

"Ndiyo, mzee."

"Na sisi ndio tutoe ng'ombe?"

Kijana akacheka, akidhani ni utani wa mzee. "Hata ng'ombe hatukatai! Kuna mwandishi mmoja wa upande wa Molo, tulimsaidia kutafuta mtu wa kununua."

Nilipandwa na mori. Ninawajua watu wanaochapisha vitabu vyao kwa pesa zao, na sina neno nao. Mwalimu wangu wa zamani alichapa historia ya ukoo wake kwenye duka la uchapaji mjini, akawagawia wajukuu, akafurahi. Yeye alijua ananunua karatasi na wino, na mwenye mashine hakumdanganya kwamba amependwa. Lakini hawa walikuja na jina lile lile na nembo ile ile iliyoko kwenye vitabu vilivyo kabatini mwa mama. Jina hilo lilikuwa na maana kwa sababu liliwahi kunikataa. Sasa walikuwa wanaliuza, na walikuwa wanatuuzia sisi tulioliamini, kwa kutuvisha kilemba cha ukoka mbele ya majirani.

Na walijua wanachofanya. Sitaki mtu aniambie yule kijana hakujua. Angeweza kunieleza habari ya pakeji kwa simu, nikiwa dukani peke yangu, na ningemtoa mbio. Ndiyo maana hakunieleza. Alitaka kwanza awe amekula chakula cha watu, mchungaji awe ameomba, akina mama wawe wamepiga vigelegele, ili ikifika saa ya kusema "hapana" mtu aone aibu kuliko hasara.

Na aibu ilifanya kazi yake. Mama akasimama, akajifunga leso vizuri kiunoni. Hakuonekana amekasirika. Alikuwa na uso wa mtu aliyeishiwa sukari wageni wakiwa tayari wameketi.

"Niko na mtamba," akamwambia kijana kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Iko na mimba. Chukua hiyo."

Ng'ombe mzee wa mama alikuwa amekaribia kukauka maziwa. Yule mtamba ndiye aliyekuwa maziwa ya mwaka wote uliokuwa unakuja, ya kunywa na ya kupeleka kwenye kituo cha maziwa, na maziwa hayo ndiyo yanayomnunulia mama dawa za presha asiombe mtu. Alikuwa amemlea mwenyewe tangu ndama, akimkatia majani kwa mkono wake. Na alikuwa anamtoa ili majirani waliopiga vigelegele wasiondoke wakijua binti yake alisifiwa bure.

"Wow, mathe!" kijana akasema. "Huyo ndiye mzazi!" Msichana akainua kamera.

Nikasimama. "Mtamba haendi popote."

"Nyamaza wewe," mama akasema bila kugeuka. "Leo si siku yako ya kuongea."

Na kwa mila alikuwa sahihi. Baba mdogo akanipungia mkono nikae. Akina mama wakanivuta sketi. Mwanamke mzima, mwenye duka, mwenye watoto waliomaliza shule, nanyamazishwa kama msichana anayeposwa, huku watu wakiamua ng'ombe atoke upande gani kwa ajili ya maneno niliyoyaandika mimi.

Sikunyamaza. Nikapita katikati ya viti mpaka mbele. "Nimeikataa posa," nikasema. "Mwenye kuposwa nimekataa. Kitabu hakitoki." Nikamgeukia kijana. "Na hiyo picha ya mama yangu futa hapa nikiona."

"Madam, tusiende na emotions," akasema. "Offer ya tenti iko mpaka Friday."

"Futa!"

Msichana akafuta. Namshukuru, alikuwa na haya kidogo. Baba mdogo, ambaye katika maisha yake yote hajawahi kuona koito ikivunjwa na bibi harusi, aligonga kifimbo chake sakafuni. Mwishowe akasema wageni wameshiba na barabara ni mbaya, maana yake waondoke mvua haijaanza.

Mama aliwasindikiza hadi langoni. Aliwapa na gunia la viazi, kwa sababu mgeni hatoki kwake mikono mitupu, hata mgeni wa namna ile. Na wakavibeba garini mwao viazi vya mama yangu. Yule kijana aliinama akashika upande mmoja wa gunia, akasema asante mathe, akalisukuma nyuma ya gari. Nikikutana naye leo mjini sijui nitafanya nini, na mume wangu ameniomba nisijue.

Mama alipita kando yangu akaingia jikoni. Wanawake wa kikundi walikusanya masufuria yao, mmoja mmoja, wakiniaga kwa sauti ya matanga. Nikatoka nje, nikapanda hadi juu ya shamba la viazi ambako mtandao hushika, nikampigia mhariri wangu wa zamani. Nilikuwa nimejiambia kwamba yeye hajui. Kwamba kuna tapeli ameiba jina la kampuni, na yeye akisikia atawaka moto.

Alikuwa anajua.

"Tulikuwa tunazama, dada," akasema. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Vile vitabu havitoki tena. Watu wanasoma kwa simu, bure. Ilikuwa hivi au kufunga."

"Kwa hiyo sasa mnawauzia waandishi."

"Waandishi ndio wengi. Wasomaji ndio wameisha."

Nikamuuliza kitu kimoja tu nilichokuwa nimebaki nacho. Nikamuuliza kama amesoma mswada wangu.

Nilisikia upepo kwenye simu, sijui ni wake au wangu.

"Haukuletwa kwangu," akasema. "Hauendi kwa mtu. Siku hizi miswada haisomwi. Yote inapita."

"Basi usome wewe," nikamwambia. "Usome, halafu unikatae. Niambie ni mbaya, niambie mpishi wangu ni wa kadibodi, andika chochote. Nikatae kama zamani."

"Siwezi. Nimekatazwa kukataa mtu. Kazi yangu sasa ni kuandika sifa za nyuma ya kitabu." Kisha akasema kwa upole, na upole wake ndio ulionimaliza, "Ukichukua ile ya Ua, naweza kuomba wakupunguzie."

Nilikata simu. Mwizi angeingia dukani kwangu akabeba magauni yote, ningejua ameiba nini na ningeenda kuandikisha kwa polisi. Hawa nitasema waliiba nini? Mtamba alikuwa zizini anatafuna. Mkataba hakuna. Kwa macho ya sheria nilipigiwa simu nikasifiwa.

Nilishuka nikamkuta mama nyuma ya jiko anaosha vikombe vya wageni. Nikachukua kitambaa nikaanza kupangusa. Alinipa kikombe, akanipa kingine. Halafu akasema, bila kuniangalia, "Wale walisema wamekipenda."

"Walisema."

"Na hawakukisoma?"

"Hawakukisoma, Mama. Hakuna aliyekisoma."

Akasuuza kikombe cha mwisho, akakishikilia mkononi, maji yakichuruzika hadi kwenye kiwiko. Alikuwa amekusudia kuuza ng'ombe kwa ajili ya kitabu hiki, na alikuwa na haki ya kuuliza.

"Lakini ni kizuri?"

Nilifikiria miaka niliyokiandika, na asubuhi nilizokipenda, na jioni nilizotaka kukichoma.

"Sijui, Mama," nikasema. "Sijui."